Kabla ya kubishania NVIDIA na AMD, tuitazame kompyuta iliyobeba kadi

Ubishi wa kadi za grafiksi, zile zinazochora picha za gemu kwenye skrini na ambazo NVIDIA na AMD ndio watengenezaji wake wakubwa, haujaanza leo hapa Mbeya. Kaa na vijana wanaojiundia kompyuta za gemu, wawe wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST kule Iyunga au vijana wa mtaani Ilomba na Mafiati, na muda si mrefu utamsikia mmoja akisema AMD ni kadi za kubahatisha, mwenzake akijibu kwamba NVIDIA wanauza jina. Kila mmoja atatoa simu na kuonyesha video ya vipimo inayomuunga mkono. Ukizitazama video hizo kwa makini utakuta zote zinasema kweli.

Kwa maoni yangu ubishi huu umeanzia mahali pasipo pake. Tofauti ya kasi kati ya makampuni haya ipo, na kwa baadhi ya gemu ni kubwa. Ila sehemu yake kubwa haitoki kwenye chipu. Inatoka kwenye draiva, yaani programu inayokaa kati ya gemu na chipu, na inatoka kwenye kompyuta ambamo kadi imechomekwa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Makambako hadi Tunduma, wengi tunachomeka kadi kwenye kompyuta za ofisi za mtumba, zile Dell na HP zilizokwisha kufanya kazi Ulaya kwa miaka kadhaa. Anayepima kadi kwa prosesa (CPU, chipu kuu ya kompyuta) ya mwaka huu anapima kitu kingine kabisa, na matokeo yake yanaweza kumwelekeza mnunuzi wa Mwanjelwa kwenye kadi isiyomfaa.

Chukua kadi mbili ambazo bado zinazunguka sana kwenye soko la mtumba. GTX 1060 ya NVIDIA, ile ya GB 6, ilitoka Julai 2016. RX 580 ya AMD ilitoka Aprili 2017. Ukisoma karatasi zake, ya AMD ina viini 2,304 vya kukokotoa na ya NVIDIA ina 1,280. Kwa teraflopu, yaani matrilioni ya hesabu kwa sekunde, ni 6.2 dhidi ya 4.4. Memori ya AMD inapitisha GB 256 kwa sekunde, ya NVIDIA GB 192. Mtu akiishia kwenye karatasi atategemea RX 580 ishinde kwa asilimia 40 hivi. Zilipowekwa kwenye gemu zilikimbia karibu sawa, hii ikishinda hapa na ile pale, tena RX 580 ikila wati 185 wakati mwenzake akitosheka na 120.

Hiyo nguvu nyingine ilikwenda wapi? Teraflopu ni hesabu ya kazi ambayo chipu ingefanya kama kila kiini kingekuwa na shughuli kila nukta ya muda. Gemu haiendi hivyo. Fremu moja, yaani picha moja kati ya nyingi zinazopita kwenye skrini kila sekunde, ina kazi ndogondogo zinazofuatana: kupanga pembetatu, kusoma picha za nyuso za vitu, kuhesabu vivuli, kisha kusubiri memori ijibu. Chipu za AMD za ukoo wa GCN, ambamo RX 580 imo, zilipanga kazi kwa mafungu ya 64, na amri moja ililishwa kwa fungu zima kwa mapigo manne ya saa ya chipu. Ili zisikae bure zilihitaji mafungu mengi yawe tayari kwa wakati mmoja. NVIDIA hutumia mafungu ya 32. Ni kama shamba la chai kule Tukuyu: nyapara mwenye wachumaji 2,304 anayewapanga kwa vikosi vikubwa, siku ambayo safu zilizokomaa ni chache, atawaona wengi wamesimama na vikapu vitupu, huku jirani yake mwenye wachumaji 1,280 kwenye vikosi vidogo akijaza gari.

AMD wenyewe walilikubali hilo kwa vitendo. Mwaka 2019 walileta ukoo mpya wa RDNA, unaoweza kufanya kazi kwa mafungu ya 32 na kumaliza amri kwa pigo moja. RX 5700 XT ya mwaka huo ina viini 2,560 tu. Vega 64 ya mwaka 2017, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa na viini 4,096 na teraflopu nyingi zaidi, na bado RX 5700 XT inaipita kwenye gemu nyingi. NVIDIA nao hesabu zao zina mtego: RTX 3070 ya mwaka 2020 inaandikwa viini 5,888, RTX 2080 Ti ya mwaka 2018 inaandikwa 4,352, na kwenye gemu kasi yake inakaribiana sana, kwa sababu njia ya kuhesabu kiini ilibadilika katikati. Kwa hiyo muuzaji anayekulinganishia viini vya kampuni moja na vya nyingine hajakuambia chochote.

Tukiwa bado kwenye karatasi, niseme na hili kwa sababu linawaumiza watu wetu moja kwa moja. Mwaka 2018 AMD ilitoa kadi kwa soko la China iliyoitwa RX 580 2048SP. Ina viini 2,048, sawa na RX 570, lakini imebeba jina la 580. Kadi nyingi za mtumba zinazotufikia kupitia Kariakoo zimeanzia China, na kwenye boksi au stika ile 2048SP inaweza isionekane. NVIDIA walifanya jambo la aina hiyo kwa GTX 1060 ya GB 3, ambayo haikupunguziwa memori peke yake, ilipunguziwa na viini vikabaki 1,152. Kwa GT 1030 walivuka mpaka zaidi: ya mwaka 2017 ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde, ya mwaka 2018 wakaiwekea DDR4 inayopitisha chini ya GB 17, na jina halikuguswa. Programu ya bure ya GPU-Z inaonyesha idadi ya viini, aina ya memori na hata idadi ya njia za PCIe (sloti inayounganisha kadi na kompyuta) kwa sekunde chache. Muuzaji anayekataa isiwashwe kabla ya malipo, achana na kadi yake.

Sasa tuje kwenye draiva, kwa sababu kiini cha ubishi kipo hapa.

Kuna fundi mmoja karibu na Kabwe ambaye kwenye benchi lake nimejifunza mengi kuliko kwenye video. Kompyuta iliyokuwa pale ilikuwa ya ofisi, prosesa yake Core i5 ya Intel ya kizazi cha nne, pawa saplai imeshabadilishwa, kadi ni RX 580 halali ya viini 2,304. Gemu ilikuwa GTA V ya zamani, inayotumia DirectX 11, njia ya Windows ambayo gemu hupitishia amri za kuchora. Mteja alilalamika kwamba akiingia katikati ya mji inagandaganda. Fundi akawasha namba za usimamizi pembeni ya skrini. Gari likiwa jangwani kadi ilikuwa inafanya kazi karibu yote. Alipoliingiza mjini, kwenye watu na magari mengi, kadi ikashuka hadi kama nusu ya uwezo wake, na kiini kimoja cha prosesa kikapanda kikagota juu, vingine vitatu vikiwa na nafasi. Akapunguza ubora wa picha, fremu hazikuongezeka. Hiyo ndiyo dalili yenyewe: kadi ilikuwa inasubiri kuletewa kazi.

DirectX 11 ilitoka mwaka 2009, na imejengwa kwa namna ambayo amri za kuchora kwa kawaida hutoka kwenye mkondo mmoja wa prosesa. Kila kitu kinachochorwa kina amri yake, na kila amri draiva inaikagua na kuigeuza iwe lugha ya chipu kabla ya kuituma. Draiva ikiwa nzito, prosesa ndiyo inayochoka. NVIDIA waliwekeza sana kwenye tatizo hilo: draiva yao iligawa sehemu ya kazi hiyo kwa viini vingine vya prosesa, na Aprili 2014 walitoa toleo la 337.50 lililolenga hasa kupunguza mzigo wa DirectX 11. AMD mwaka uleule walishika njia nyingine. Waliona DirectX 11 yenyewe ndiyo mzigo, wakaja na Mantle, njia mpya iliyowapa watengenezaji wa gemu nafasi ya kuiamuru chipu kwa ukaribu zaidi na kutumia viini vyote vya prosesa. Mantle haikuishi muda mrefu, lakini msingi wake ndio uliozaa Vulkan ya mwaka 2016, na DirectX 12 ya mwaka 2015 imefuata fikra hiyohiyo.

Kwa maana hiyo AMD walikuwa sahihi kuhusu kesho, na NVIDIA walikuwa sahihi kuhusu gemu ambazo watu walikuwa nazo mkononi. Mwenye prosesa mpya yenye nguvu hakuiona tofauti hiyo sana, maana prosesa ilibeba uzito wa draiva bila kulalamika. Aliyeumia ni mwenye prosesa ya zamani, yaani sisi. Hii ndiyo sababu fundi wa hapa atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba NVIDIA "inateleza" kuliko AMD, na kwa gemu za DirectX 11 kwenye i5 ya kizazi cha nne yuko sahihi. Kosa ni kuamini kwamba alichokiona ni ubora wa chipu.

Badilisha gemu, kibao kinageuka. Kwenye DirectX 12 na Vulkan kazi nyingi ya draiva imehamishiwa kwenye gemu yenyewe, na mwaka 2021 wapimaji wa chaneli ya YouTube ya Hardware Unboxed walionyesha kwamba hapo ni draiva ya NVIDIA inayoibebesha prosesa mzigo zaidi. Kwenye prosesa dhaifu, Radeon (kadi za AMD) za daraja la kati zilizipita GeForce (kadi za NVIDIA) za bei kubwa katika baadhi ya gemu za DirectX 12. Kompyuta ileile, mtu yuleyule, anahama gemu moja tu na mshindi anabadilika. Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni DOOM ya mwaka 2016. Ilitoka ikitumia OpenGL, njia nyingine ya zamani ya kupitisha amri za kuchora, na kadi za AMD zilijikongoja. Julai ya mwaka huo ikaongezewa Vulkan, na kadi zilezile zikaruka kwa kiwango kikubwa bila mtu kugusa skrubu.

OpenGL ndiyo ilikuwa aibu ya AMD kwenye Windows kwa miaka mingi, na Minecraft ya Java, ambayo watoto wengi wanaichezea, inatumia OpenGL. Mwaka 2022 AMD waliiandika upya sehemu hiyo ya draiva, na toleo la 22.7.1 la Julai likapandisha fremu za Minecraft kwa kiasi ambacho kadi mpya ingehitajika kukifikia. Mwaka huohuo wakaboresha na DirectX 11. Sasa fikiria mwenye video ya vipimo ya mwaka 2019 anayeendelea kuitumia kuhukumu AMD ya leo.

Intel waliingia uwanjani rasmi mwaka 2022 kwa kadi za Arc, na safari yao ni ushahidi kwamba chipu peke yake haitoshi. A750 na A770 zilikuwa na silikoni ya kutosha, ila kwa DirectX 9 hawakuwa na draiva yao wenyewe. Amri za gemu za zamani zilikuwa zinatafsiriwa kwanza kuwa za DirectX 12. Gemu ya mwaka 2012 ikawa inaitesa kadi ambayo gemu za mwaka 2022 haziitesi. Miezi michache baadaye marekebisho ya draiva yakaziinua sana. Lakini kwa kompyuta zetu kuna kikwazo kikubwa zaidi. Arc inategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuiona memori yote ya kadi kwa mkupuo badala ya kupitia dirisha dogo la MB 256, na bila uwezo huo inapoteza kasi vibaya. Mazabodi za ofisi za kizazi cha tatu, cha nne na cha sita hazikuja nao. Hata B580 ya Desemba 2024, kadi nzuri kwa bei yake, ilipochomekwa kwenye prosesa za zamani ilionekana kushuka kuliko wapinzani wake. Kwa hiyo kijana wa Vwawa au Mafinga mwenye OptiPlex, kompyuta ya ofisi ya Dell, ya 2014, Arc si kadi yako, hata kama vipimo vya video vinaimwagia sifa.

Suala la njia za PCIe nalo linawapita wengi. RX 6400 ya AMD inavutia sana kwa kompyuta ya ofisi: inakula wati 53, haihitaji waya wa ziada wa umeme, ni fupi. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye sloti ya PCIe ya kizazi cha nne (usichanganye na kizazi cha prosesa) njia hizo zinapitisha kama GB 8 kwa sekunde. Kwenye sloti ya PCIe ya kizazi cha tatu ni nusu yake, na kwenye kompyuta ya kizazi cha pili cha Core inabaki kama GB 2. Kadi yenyewe ina memori ya GB 4, ambayo gemu za sasa huimaliza haraka, na ikiisha data inaanza kupita kwenye njia hiyo nyembamba. GTX 1650 ya NVIDIA, ya mwaka 2019, nayo ina GB 4, inaishia wati 75 na mara nyingi haihitaji waya, ila ina njia zote 16. Kwenye mashine mpya zinakaribiana zaidi. Kwenye mashine zetu GTX 1650 inaiacha nyuma. Mjadala wa chapa hapa ungekuambia nini?

Kuna pia mkono wa makampuni ndani ya gemu zenyewe. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilikuja na nywele za HairWorks za NVIDIA, zilizokata kila unywele vipande vingi mno kwa hesabu ambayo chipu za AMD za wakati huo zilikuwa dhaifu kwayo. Wenye Radeon waliingia kwenye mipangilio ya draiva wakapunguza ukataji huo, fremu zikarudi, na nywele zilibaki karibu vilevile machoni. Upande wa pili, PlayStation na Xbox tangu mwaka 2013 zinatumia chipu za AMD, kwa hiyo gemu nyingi huzaliwa zikiwa zimenyooshwa kwa chipu za ukoo huo kabla hazijafika kompyuta. Kuhusu hesabu za miale ya mwanga (ray tracing) sitakaa sana: NVIDIA waliziwekea sehemu maalumu tangu 2018, AMD wakaanza 2020 kwa njia nyepesi zaidi wakapunguza pengo kwa RX 9070 ya 2025, na kwa kadi ambazo wengi wetu tunazimudu kipengele hicho huzimwa kabla gemu haijaanza.

Hewa ya hapa pia ina neno lake, ingawa haichagui chapa. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni inaondoa joto pungufu kwa kila mzunguko. Baridi ya Juni na Julai inafidia hilo na kuzidi. Kadi za sasa hushusha kasi kidogo kidogo joto linapopanda, kwa hiyo kadi iliyopimwa Kariakoo mwezi Februari na ileile ikapimwa Uyole mwezi Julai zinaweza kutoa namba mbili tofauti. Vumbi la kiangazi kwenye mapezi ya kupozea litabadilisha namba hizo kuliko nembo iliyoandikwa juu yake.

Ninalolisisitiza kwa anayenunua sasa ni draiva zijazo, maana nazo zimeanza kufungwa. Tangu mwaka 2023 AMD wamezitenga kadi za kizazi cha RX 400 na 500 kwenye tawi la draiva linalopata marekebisho ya lazima tu. NVIDIA nao walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva za gemu mpya kwa GTX za mfululizo wa 900 na 1000, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama hadi 2028. Kwenye Windows, RX 580 na GTX 1060 zimefika zinapofika.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, mambo ni tofauti kwa upande mmoja. Draiva ya Vulkan ya kadi za AMD iitwayo RADV ni ya wazi, wahandisi wa Valve, wenye duka la gemu la Steam, ni miongoni mwa wanaoiandika, na bado inaitunza RX 580. Gemu za DirectX 11 zinageuzwa kuwa Vulkan na programu ya DXVK, kwa hiyo ile draiva ya AMD ya DirectX 11 iliyomgandisha mteja wa Kabwe haiguswi kabisa. Kwa gemu za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu njia hii mara nyingi inagoma, na mwenye kucheza Valorant asijisumbue. Ila kijana mwenye RX 580 na prosesa ya kizazi cha nne anayecheza gemu za peke yake, ana sababu ya kutenga diski moja na kuijaribu kabla ya kuiuza kadi yake kwa hasara.